Kiatu cha baleti si cha kununua mitumbani

Mimi si adui wa mitumba. Hapa Isiolo wengi wetu huvaa mitumba, kuanzia sweta la alfajiri hadi raba za watoto, na sioni haya kusema kwamba viatu ninavyoendea kazini vilitoka kwenye belo. Lakini kuna kiatu kimoja ambacho namwomba kila mzazi akipite, hata kikiuzwa kwa bei ya soda. Ni kile kiatu chembamba cha rangi ya waridi, cha kitambaa cha satini, chenye tepe ndefu na pua ngumu kama ubao, ambacho wacheza densi ya baleti hukivaa ili wasimame juu ya ncha za vidole vya miguu.

Pengine utacheka. Baleti na Isiolo, wapi na wapi? Mji wa ngamia, miraa na malori ya kwenda Moyale! Hata hivyo, watoto wetu wanatazama televisheni na simu kama watoto wa kwingineko. Wameona picha za watoto wa Kibera wakifundishwa densi hiyo na Mike Wamaya, katika chumba cha darasa ambamo madawati yamesukumwa kando. Wamesikia habari za Joel Kioko, kijana aliyelelewa katika kitongoji cha Kuwinda, Nairobi, akajifunza baleti hadi akapata nafasi katika shule ya English National Ballet mjini London. Isitoshe, mtaala wa umilisi umeweka njia ya sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari ya juu, na walimu wa densi wanatafuta vitu vipya vya kupeleka kwenye mashindano. Mtoto wa Bula Pesa akitamani kucheza baleti, mimi ninaona hilo ni jambo jema kabisa. Densi ni mazoezi, na watoto wetu wa leo wanakaa mno.

Shida yangu ni kiatu, wala si densi.

Yafaa ieleweke kiatu hiki kimetengenezwa vipi, kwa maana wengi hudhani ndani ya ile pua kuna kipande cha mti au chuma. Hakuna. Ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizobandikwa kwa gundi, aghalabu gundi ya unga wa ngano, kisha zikakaushwa kwa joto hadi zikawa ngumu. Ndiyo, unga, ndugu yake ule wa chapati. Kampuni ya Freed ya London, iliyoanza mwaka 1929, hadi leo huviunda viatu hivi kwa mikono. Chini ya wayo hupita uti wa ngozi au wa karatasi iliyoshindiliwa, ambao ndio unaouegemeza mguu unaposimama wima. Kiatu cha kulia na cha kushoto huwa sawasawa. Mwenyewe ndiye huamua kipi kiende wapi.

Sasa, gundi ya unga hulainika kwa joto na jasho. Hilo si kasoro, ndivyo ilivyokusudiwa. Kiatu hujifinyanga polepole kufuata mguu wa mwenyewe, hukaa vizuri kwa muda, kisha hulegea na kwisha. Mchezaji wa kulipwa anaweza kumaliza jozi nzima katika onyesho moja la jioni. Wenyewe husema kiatu kimekufa. Siku hizi vipo vyenye uti wa plastiki vinavyodumu zaidi, lakini navyo vina mwisho wao.

Fikiria basi safari ya kiatu hicho. Msichana fulani wa Ulaya amekivaa hadi kimekufa, akakitupa pamoja na nguo zisizomtosha. Kikaingia kwenye belo, belo likaingia kwenye kontena, kontena likashuka Mombasa, na baada ya miezi kiatu kikapanda matatu kuja Isiolo. Kwa macho bado kinang'aa. Satini haina habari kwamba uti umevunjika na kikasha cha mbele kimekuwa laini kama mkate uliolowa. Tena hata kama kina uhai kidogo, kimeshafuata umbo la vidole vya mtu mwingine. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kiatu hiki hakisitiri hata mfupa.

Si muda mrefu uliopita, mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka kumi. Kucha za vidole gumba vya miguu zilikuwa nyeusi, na nyuma ya kifundo cha mguu wa kulia palikuwa na uvimbe ambao mtoto hakutaka niuguse. Nilidhani ni mpira. Mama akafungua mkoba akatoa viatu vya waridi.

"Daktari, ni mimi nilimnunulia," akasema. "Nilimwona amevishika, anafurahi. Mia mbili na hamsini ni nini?"

Mtoto alikuwa akifanya mazoezi barazani, juu ya saruji, akifuatisha video kwenye simu ya kaka yake. Hakuwa na mwalimu. Nilikiweka kiatu mezani, nikabonyeza kile kikasha kwa kidole gumba. Kikabonyea kama pakiti ya maziwa. Mama alitazama kwa muda, kisha akauliza kama avichome. Nikamwambia hapana, mama, vitundike ukutani, ni vizuri kutazama. Mtoto yeye aliuliza swali moja tu: atacheza tena lini?

Nilimjibu kwamba atacheza wiki tatu baadaye, miguu mitupu, visigino vikirudi chini kila mara, na kwamba kusimama kwenye ncha kungoje miaka. Hakufurahi. Lakini hilo ndilo jibu ambalo ningempa mzazi yeyote, na sababu zake ni hizi.

Mtu anaposimama juu ya ncha, uzito wake wote hushuka kwenye eneo lisilozidi kisanduku cha kiberiti. Mtoto wa kilo 35 akiinuka kwa mguu mmoja, kilo zote 35 zinakaa hapo, na akiruka na kutua zinaongezeka. Kinachozuia mguu usipinduke ni misuli midogo ya wayo, misuli ya ugoko, ya nyonga na ya tumbo. Kiatu husaidia tu. Mwaka 1832 mjini Paris, Marie Taglioni alipocheza "La Sylphide" akiwa juu ya vidole, viatu vyake vilikuwa laini, vimeimarishwa kwa nyuzi zilizoshonwa pembeni na mbele. Kikasha kigumu kilikuja baadaye. Nguvu ilitangulia, kiatu kikafuata, na huo ndio mpangilio unaotakiwa hata kwa mtoto wako.

Wataalamu wa tiba ya wacheza densi duniani wanashauri kwamba mtoto asipandishwe kwenye ncha kabla ya miaka 12 hivi, tena awe amefunzwa baleti kwa miaka kadhaa, angalau mara mbili kwa wiki, na awe na miguu, vifundo na kiwiliwili chenye nguvu. Anayecheza mara moja kwa wiki kwa kujifurahisha hana haja ya viatu hivi hata akiwa na miaka 15. Wazazi hupenda kushika ile namba 12 kama umri wa kitambulisho. Umri peke yake hautoshi. Mifupa ya mguu wa msichana wa miaka 12 bado inakua, na wasichana wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kuachana kwa miaka miwili katika kukomaa.

Kuna jaribio unaloweza kulifanya nyumbani usiku huu. Mtoto asimame miguu mitupu kwa mguu mmoja, ncha za vidole vya mkono zikigusa ukuta kidogo tu, goti limenyooka. Ainue kisigino hadi juu kabisa na kukishusha taratibu. Akishindwa kufikisha mara 20 bila kuyumba au kukunja goti, bado. Kisha akae chini, anyooshe miguu na kuielekeza mbele kadiri anavyoweza, nawe ulaze rula kutoka ugokoni hadi mgongo wa mguu. Ikiwa kifundo hakifunguki kiasi cha rula kulala, ncha itamlazimisha kupinda mahali pengine, na hapo ndipo kano na mifupa ya nyuma ya kifundo hubanwa. Mtoto akifaulu yote mawili si cheti. Ni ruhusa ya kumwuliza mwalimu wa baleti aliyefuzu. Na asipofaulu si kosa lake. Wapo ambao kifundo chao hakikuumbiwa kazi hiyo, nao ni wachezaji wazuri sana wa densi nyinginezo. Kwa upande mwingine, wale ambao viungo vyao hupinda kupita kiasi, ambao kila mtu huwapigia makofi, ndio wanaohitaji muda mrefu zaidi wa kujenga nguvu.

Tukija kwenye kuchagua, sahau kila ulichojifunza kuhusu viatu vya shule. Sisi wazazi tuna mtindo wa kununua kiatu kikubwa, tukisema mtoto atakua nacho. Kwa kiatu cha shule ni sawa ukiacha nafasi ya upana wa kidole mbele. Kwa kiatu cha ncha, nafasi hiyo ndiyo ajali yenyewe, kwa sababu mguu huteleza ndani na vidole hugongwa kama nyundo na msumari. Kiatu kinatakiwa kikae kama soksi: vidole vimenyooka na kulala bapa bila kukunjana, pande zote zimeshikwa bila kubanwa, na mdomo wa kiatu ufunike viungo vyote vya vidole. Mtoto akunje magoti akiwa amesimama bapa, kwani hapo mguu hurefuka; vidole viguse mwisho lakini visipindwe. Kisha ainuke kwenye ncha akiwa ameshikwa. Pale kisiginoni uweze kufinya kitambaa kidogo tu. Ukifinya ukajaza vidole, kiatu ni kirefu. Akilalamika kwamba kidole gumba kinasukumwa upande, kiatu ni chembamba, na kiatu chembamba kikivaliwa miaka mingi huzidisha lile nundu linalotokeza kando ya kidole gumba.

Pima jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na pima yote miwili kwa maana ni nadra ikalingana. Wala usiagize kwa simu ukitaja namba ya kiatu cha shule. Namba za viatu hivi zina hesabu yake, na hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Jozi ya kwanza inunuliwe mbele ya mwalimu au muuzaji anayejua kazi. Kwa mtu wa Isiolo hiyo ni safari ya Nairobi, kilomita 280 hivi, na jozi mpya hugharimu kiasi cha dola 80 hadi 100 na zaidi, yaani unaingia katika shilingi elfu kumi na kuendelea. Najua ni mbuzi wangapi hao. Ndiyo maana nasema usiharakishe.

Kiatu kipya nacho hakivaliwi kama kilivyo. Hakina hata tepe, mwenyewe hushona. Kunja kisigino cha kiatu kuelekea ndani, na pale kinapokunjika ndipo tepe hushonwa, pande zote mbili, kwa uzi imara, bila kutoboa ule uzi wa kukazia unaopita ndani ya ukingo. Lastiki hushonwa nyuma ili kisigino kisichomoke. Wengine huzungushia nyuzi kwenye ncha ili isiteleze na satini isichakae upesi. Kulainisha ni kwa mikono: bonyeza kikasha pole pole kwenye mabawa yake, pinda uti mahali ambapo wayo wa mtoto unapinda, tembea nacho nyumbani ukiinuka nusu. Nimesikia vijana wakielezana habari za kukigonga kwa nyundo, kukibana mlangoni na kukilowesha maji. Wachezaji wakubwa hufanya vituko vya kila namna na viatu vyao, lakini wana jozi nyingine kumi kabatini. Mtoto anayeanza akifanya hivyo amenunua kiatu kipya na kukiua siku hiyo hiyo.

Ndani huwekwa kitu laini cha kukinga vidole. Zamani ilikuwa sufu ya kondoo, na wengi bado huipenda. (Msihangaike na kondoo wetu hawa weusi wa kichwa, hao wana nywele, hawana sufu.) Kinga iwe nyembamba. Mtoto anayehitaji pamba nene ili asiumie anavaa kiatu kisichokuwa chake. Tepe zifungwe kwa kupishana juu ya kifundo, fundo lifichwe upande wa ndani, kamwe lisikae juu ya ile kano nene ya kisigino.

Kuvaa kwenyewe huanza kwa dakika 10 au 15 mwishoni mwa somo, mwili umeshapata joto, mkono umeshika mhimili. Sakafu iwe ya mbao zenye kunepa. Saruji hairudishi chochote. Inarudisha pigo lote kwenye mfupa. Mtu ataniuliza, mbona morani wa Kisamburu huruka juu sana akatua kwenye ardhi ngumu na hapati lolote? Morani hutua kwenye udongo, na amekuwa akitembea na kuruka tangu utotoni. Hakuna aliyemfungia vidole kwenye gundi akamwambia atue kwavyo.

Baada ya mazoezi, viatu vitolewe kinga, vitundikwe kivulini hewa ipite. Ukivifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa joto letu hili, kesho utakuta uji. Miguu ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe hadi katikati ya vidole, kwani humo ndimo fangasi hufanya makao. Kucha zikatwe kwa kunyooka, zisiwe fupi mno. Lengelenge lisichunwe ngozi. Lisafishwe, lifunikwe, na mtoto apumzike na viatu hadi pakauke.

Kuna jambo jingine ambalo haliko miguuni, nalo linanitia wasiwasi kuliko kucha nyeusi. Baleti ina sifa mbaya ya kupenda wasichana wembamba. Kaunti hii imepitia ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ikishindwa mfululizo, na nimewapima watoto ambao wembamba wao haukutokana na kupenda. Sitaki kusikia mtoto wa Isiolo akiambiwa apunguze kula ili apendeze ndani ya satini. Msichana anayecheza sana na kula kidogo mwili wake hubana matumizi: hedhi huchelewa au hukatika, na mifupa hukosa kuimarika katika miaka ile ile ambayo ilipaswa kujijenga. Mfupa wa namna hiyo hupata ufa bila kuanguka popote, hasa mifupa mirefu ya wayo. Mpe maharagwe, mboga, mayai, nyama inapopatikana, na maziwa ya ngamia ambayo mji huu umejaliwa kuwa nayo. Mwalimu atakayempima mtoto wako uzito mbele ya wenzake, mtoe mtoto hapo.

Neno kwa wafadhili pia, kwa kuwa najua wema wao. Huko ng'ambo watu hukusanya viatu vya ncha vilivyotumika na kuwatumia watoto maskini wa Afrika. Viatu laini vya baleti, vile vya ngozi au turubai vyenye wayo bapa, vilivyotumika vinafaa. Havibebi uzito wa mtu kwenye gundi. Nguo zinafaa. Lakini kiatu cha ncha kilichokufa mguuni mwa mtoto wa Uingereza hakifufuki kwa kuvuka bahari. Kama fedha zipo, ziwekwe kwanza kwenye nauli na mshahara wa mwalimu aliyefuzu, kisha kwenye sakafu ya mbao. Viatu vya ncha vije mwisho, vipya, kwa watoto wachache ambao miguu yao imepimwa mmoja mmoja. Hao wengine wacheze bila viatu. Miguu mitupu huimarisha misuli ya wayo vizuri zaidi kuliko kiatu chochote nikijuacho.

Ikiwa mtoto wako tayari anavaa viatu hivi, mlete hospitalini akiwa na maumivu nyuma ya kifundo yanayozidi anapoelekeza mguu chini, au kidole gumba kinachonasa na kulia anapokikunja, au maumivu ya mahali pamoja juu ya wayo yanayoendelea hata usiku akiwa amelala. Hilo la mwisho lisisubiri wiki. Ukija, vibebe na viatu vyenyewe. Mara nyingi nikivibonyeza huniambia mengi kabla sijaugusa mguu.